Wakala anataka milioni sita ampeleke mwanangu Uturuki. Nimekosea kukataa?

*"Nina kijana wa miaka 16, yuko kidato cha tatu hapa Mafinga, anacheza winga. Alipotoka Umisseta, mashindano ya shule za sekondari, alikuja mtu kutoka Dar es Salaam, akajitambulisha kuwa wakala, akatuonyesha picha alizopiga na wachezaji wakubwa. Anasema amempatia majaribio Uturuki, ila tutoe milioni sita za viza, tiketi na 'kufungua faili'. Ameleta mkataba wa miaka saba, na ndani yake atachukua asilimia 40 kila mtoto atakapouzwa. Kwa kuwa hajafikisha miaka 18, anasema atamtengenezea cheti kingine cha kuzaliwa, na ikishindikana atampitishia Zambia. Mume wangu anataka kuuza shamba la miti, misonobari yenyewe ina miaka tisa tu. Anasema mtoto akikosa sasa ndiyo basi, na asipotoka nje hata Taifa Stars hataitwa. Jirani yetu anasema kinyume, kwamba wakienda nje taifa linawasahau. Mtoto hanisemeshi, anasema nimemuua ndoto yake. Mimi mpira siujui, hata uwanjani sijawahi kwenda kumwona. Nimekosea kukataa?"*

Kamwene, mama. Hujakosea. Nakwambia hivyo mapema kwa sababu najua barua kama hii huandikwa usiku, watu wote nyumbani wakiwa wamelala na wewe umebaki na hofu kwamba pengine umemfungia mtoto mlango wa maisha. Hukuufunga, kwa sababu alichokuja nacho mtu huyo hakikuwa mlango. Hata hivyo mwanao ana swali la haki, na mumeo naye ana wasiwasi wa haki. Wote wawili wanastahili kujibiwa kwa hoja, maana wakisikia "hapana" tupu mgogoro utabaki palepale.

Nianze na pesa, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyoleta ugomvi ndani ya nyumba. Katika soka la kulipwa pesa hutoka klabu kwenda kwa mchezaji. Klabu humlipa mchezaji mshahara na pesa ya usajili, na klabu moja huilipa nyingine ada ya uhamisho. Wakala wa kweli hula baada ya mteja wake kupata mkataba, tena hula kwenye kile kilichopatikana. Kabla ya hapo, jasho ni lake na gharama ni zake. Mtu anayedai milioni sita mezani kabla mtoto hajagusa mpira wa klabu yoyote amekwishapata faida yake siku mnayomlipa. Mtoto akifaulu au asifaulu, yeye hadaiwi kitu. Mwulize mumeo swali hilo moja: baada ya kupokea pesa ya shamba, mtu huyu atapoteza nini kijana asiposajiliwa?

Nimekaa na familia ya kijana aliyepita njia hiyo hiyo. Alitolewa kijijini akapelekwa Dar es Salaam "kusubiri viza". Alisubiri miezi minne katika nyumba ya wageni, akiombwa laki mbili leo na laki tatu wiki ijayo, hadi simu ya wakala ilipozimwa. Mama, pesa haikuwa hasara kubwa kuliko zote. Kijana aliona aibu kurudi nyumbani, akaacha shule na akaacha mpira vilevile. Alikuwa na mguu wa kushoto mzuri sana.

Sasa sheria, maana hapa ndipo maneno ya mtu huyo yanapovunjika yote. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 19, zinasema uhamisho wa kimataifa unaruhusiwa kwa mchezaji aliyetimiza miaka 18. Mambo ya pekee yapo, lakini ni machache. Lipo la mtoto ambaye wazazi wake wamehamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusu mpira. Lipo la vijana wa miaka 16 hadi 18 wanaohama ndani ya Umoja wa Ulaya au eneo lake la kiuchumi. Lipo la wakimbizi, la wanafunzi walio kwenye programu za kubadilishana, na la wanaoishi mpakani. Uturuki haimo katika Umoja wa Ulaya, na hata ingekuwamo, kijana anayetoka Mafinga hahami ndani ya Ulaya. Kwa hiyo hata akiwafunga wote kwenye majaribio, klabu haiwezi kumsajili.

Hilo la Zambia limenifanya nisimame kidogo, kwa sababu limetengenezwa kutokana na kipande cha ukweli. Kifungu cha mpakani kipo. Kinataka mchezaji awe anaishi si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpaka, na klabu nayo iwe ndani ya kilomita 50 upande wa pili. Tena kijana aendelee kulala kwao, na vyama vya soka vya nchi zote mbili vikubali. Mtoto wa Tunduma anayevuka kwenda kufanya mazoezi Nakonde na kurudi nyumbani jioni, au wa Kyela anayevuka Kasumulu kuingia Malawi, anaweza kuingia humo. Kutoka Mafinga hadi Tunduma ni safari ya mchana kutwa kwa basi. Wakala amechukua kanuni ya watoto wa mpakani akawauzia watu wa Mufindi.

Kwa nini FIFA wakaweka ukuta huu? Kwa sababu watoto wengi wa Afrika walipelekwa Ulaya na watu wa namna hii, wakafanyiwa majaribio ya siku mbili, kisha wakaachwa mitaani bila nauli wala karatasi. Ukuta ulijengwa kwa ajili ya mtoto kama wako, ili mtu asipate faida kwa kumbeba akiwa bado hawezi kujitetea.

Cheti kipya cha kuzaliwa ndicho kinachonitisha kuliko milioni sita. Watu wengi hudhani kosa la umri kwenye soka ni kupunguza tu. Tunalijua hilo hapa nchini: vijana wa Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walifuzu fainali za Afrika za mwaka 2005, kisha wakaondolewa kwa sababu ya umri. Lakini kuongeza umri nako ni kughushi, na anayeumia ni mtoto. Jina lake na tarehe yake ya kweli zimo kwenye rekodi za shule ya msingi, za mtihani wa darasa la saba na za Umisseta. Akipewa pasipoti inayosema ana 18, ataishi na tarehe mbili. Siku klabu kubwa itakapotaka kumnunua na kukagua historia yake, mgongano utaonekana, naye atakuwa mtu mzima wa kujibu mwenyewe. Isitoshe, akiwa na 22 ya kweli makaratasi yatasema 24, na sokoni miaka miwili hiyo ni pesa nyingi kuliko shamba lenu. Tena kitambulisho cha taifa kikishabeba tarehe ya uongo, kuirekebisha ni kazi ya miaka. Hata kama utashindwa kwenye mengine yote, mama, kwenye cheti usilegee.

Mkataba wenyewe nao una kasoro ambazo hazihitaji mwanasheria kuziona. Miaka saba haipo. Kanuni za FIFA zinasema mkataba wa mchezaji na klabu usizidi miaka mitano, na wa aliye chini ya 18 usizidi mitatu. Mkataba wa mchezaji na wakala ndio mfupi zaidi, mwisho miaka miwili. Asilimia 40 ya mauzo ya baadaye nayo imekatazwa: tangu Mei 2015 mtu au kampuni isiyo klabu hairuhusiwi kumiliki sehemu ya ada ya uhamisho ya mchezaji. Zaidi ya hayo, wakala haruhusiwi hata kumfuata mtoto mpaka ibaki miezi sita afikie umri ambao sheria ya nchi husika inamruhusu kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa, na lazima kwanza mzazi au mlezi aridhie kwa maandishi. Tangu Oktoba 2023 anayefanya kazi hii anatakiwa awe na leseni ya FIFA, na leseni hupatikana kwa mtihani. Majina ya wenye leseni yamewekwa wazi kwenye tovuti ya FIFA. Mwombe jina lake kamili na namba ya leseni. Akikasirika kwa kuulizwa, basi amekwishajibu.

Nije kwa mumeo na ile kauli ya "akikosa sasa ndiyo basi". Naielewa. Ni mwanaume aliyeona vijana wengi wa hapa wenye vipaji wakiishia kubeba mbao na kuendesha bodaboda, naye hataki wake awe mmoja wao. Lakini mweleze safari ya Mbwana Samatta, miaka kwa miaka. Alizaliwa Desemba 1992. Alicheza African Lyon, kisha Simba, na mwaka 2011, akiwa na miaka 18, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo. Ni kule kule yanakokwenda baadhi ya malori mnayoyaona yakipita barabarani hapo Mafinga kuelekea Tunduma. Alikaa huko karibu miaka mitano. Mwaka 2015 alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa mfungaji bora, akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo Genk ya Ubelgiji ikamchukua Januari 2016, akiwa na miaka 23. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, Genk ikawa bingwa. Alipofika Aston Villa Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, alikuwa na miaka 27. Katika safari hiyo yote hakuna hatua aliyoruka, na kila klabu ilimchukua kwa sababu ya alichokifanya kwenye klabu ya nyuma yake.

Hivyo ndivyo kazi hii inavyokwenda, na ndiyo maana nasisitiza neno dakika. Klabu ya nje hainunui kipaji kilichosifiwa kwa maneno. Inanunua mechi alizocheza, picha za video za mechi hizo, na rekodi ya usajili wake. Kijana asiye na mechi za ligi hana cha kuonyesha, hata awe na chenga za kutoa machozi.

Kuhusu timu ya taifa, mumeo na jirani kila mmoja ameshika upande mmoja. Kocha wa Taifa Stars anaweza kumwita Mtanzania popote anapocheza. Samatta amekuwa nahodha akiwa nje. Kwenye tarehe za kimataifa zilizopangwa na FIFA, klabu inalazimika kumwachia mchezaji aliyeitwa na kuendelea kumlipa mshahara wake, kwa hiyo taifa halimsahau anayecheza. Lakini anayekaa benchi nje ni rahisi kusahaulika kuliko anayecheza kila wiki Ligi Kuu ya nyumbani. Tena kwenye CHAN, shindano la mataifa ya Afrika ambalo nchi yetu iliandaa pamoja na Kenya na Uganda Agosti 2025, waliitwa wanaocheza ligi za ndani peke yao. Kinachoweza kumtoa mtu kabisa ni uraia. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo atakayechukua pasipoti ya nchi nyingine hupoteza ya Tanzania. Siku akiwa huko mbele na akaambiwa abadilishe uraia ili apate nafasi ya usajili, na ajue anauza nini.

Basi afanye nini kwa miaka hii miwili? Nitakupa njia tatu, na sitakuficha ninayoipenda.

Ya kwanza ni kubaki nyumbani, amalize kidato cha nne huku akicheza kwenye timu iliyosajiliwa. Neno "iliyosajiliwa" ndilo la maana hapa. Timu nyingi za mitaani zinacheza ndondo tu, hazina mtoto kwenye kumbukumbu za chama cha soka. Mtoto akisajiliwa rasmi, historia yake inaanza kuandikwa, na timu iliyomlea inapata haki. Mchezaji akiuzwa nje katikati ya mkataba, asilimia tano ya ada hugawiwa timu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa 23. Chukua mfano wa ada ya shilingi bilioni moja. Timu iliyokaa naye msimu mzima alipokuwa na miaka 13 hupata milioni mbili na nusu, na iliyokuwa naye akiwa na 16 hupata milioni tano. Mwalimu wa timu yenu ya Mafinga akilijua hilo atakuwa na sababu ya kumlinda kijana, badala ya kumkabidhi kwa mgeni wa kwanza mwenye miwani myeusi.

Na msidharau huku kwetu. Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1986 wakitokea mji mdogo wa Rungwe. Mbeya City walipanda Ligi Kuu mwaka 2013, na msimu wao wa kwanza wakamaliza wa tatu, mbele ya Simba. Kutoka kikosi kile Deus Kaseke alichukuliwa na Yanga mwaka 2015. Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini mwaka 2019. Na Yanga ilipokuwa haijafungwa mechi 49 za ligi, waliokuja kuikata mbio hizo Novemba 2022 walikuwa Ihefu, kwenye uwanja wao kule Mbarali. Macho ya wenye kutafuta wachezaji yanafika Nyanda za Juu Kusini. Yanafika uwanja wa Sokoine kule Mbeya, yanafika Samora pale Iringa, na huwakuta wale wanaocheza.

Njia ya pili ni kituo cha kukuza vipaji au timu ya vijana ya klabu ya Ligi Kuu. Ni njia nzuri pale ambapo klabu yenyewe imemwona na imemwita. Kabla ya kumwachia, nenda mwenyewe au ampeleke baba. Angalieni anapolala, anakula nini, anasoma shule gani, na nani anamtibu akiumia. Kituo kisicho na jibu la shule si kituo. Njia hii inafaa sana, ila kwa mtoto aliye kidato cha tatu, kumhamisha sasa hivi kuna bei yake, na wengi hurudi baada ya mwaka bila cheti na bila mkataba.

Njia ya tatu ni shule ya nje yenye programu ya soka. Kelvin John, aliyetokea Serengeti Boys, alisoma Brooke House College huko England, na Genk ikamsajili Juni 2021 alipotimiza miaka 18. Utaona kwamba hata yeye, aliyekuwa anajulikana bara zima, aliusubiri umri wake. Njia hii huhitaji ufadhili au fedha ambazo shamba la miti halitazifikia, kwa hiyo naitaja kwa ukweli tu.

Mimi ningechagua ya kwanza sasa, kisha ya pili mara amalizapo kidato cha nne. Nasema hivyo nikijua kwamba wengi wenye kipaji hawafiki. Goti moja linatosha kumaliza kazi. Anayefanikiwa naye huwa amekwisha kabla au mara baada ya miaka 35, na katikati hapo anaweza kucheleweshewa mshahara miezi. Kanuni zinampa nafuu: akinyimwa mishahara miwili bila sababu, anaweza kuidai klabu kwa maandishi, kuipa siku 15, na isipolipa akavunja mkataba kihalali. Lakini kuandika barua hiyo na kuelewa majibu yake kunahitaji kusoma. Kila nikiona mchezaji aliyesaini karatasi asiyoielewa, huwa ni yule aliyeambiwa shule itamchelewesha.

Yapo mambo ambayo huwezi kuyamaliza kwa barua. Kama mmekwishalipa chochote, au mtu huyo ameshika cheti cha kuzaliwa au pasipoti ya mtoto, nendeni polisi Mafinga mkiwa na meseji za miamala na nakala ya mkataba. Msimpigie simu kwanza kumtahadharisha. Akijaribu kumwondoa mtoto nyumbani bila ridhaa yako, mwone afisa ustawi wa jamii wa wilaya siku hiyo hiyo, maana hapo tumetoka kwenye mpira na kuingia kwenye sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia biashara haramu ya usafirishaji wa binadamu. Akileta barua ya mwaliko wa klabu, ipelekeni chama cha soka cha mkoa pale Iringa, na mwandikieni klabu kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake yenyewe, siyo ile iliyochapwa kwenye barua. Na siku klabu halali italeta mkataba, tafuteni wakili na mkae naye ana kwa ana kabla ya sahihi. Ada yake ni ndogo mno ukiilinganisha na shamba.

Msonobari wa miaka tisa bado ni mchanga. Mumeo analijua hilo kuliko mimi, na nadhani ukimwambia kwa upole atakusikiliza. Uache ukue, huenda ukamsomesha mtoto au ukamtibu goti.

Limebaki la kijana kutokusemesha. Kanuni hizi zote hazitamfikia moyoni ikiwa anaamini mama yake hajali mpira. Uliza timu yake inacheza lini. Jumamosi vaa sweta, beba chupa ya chai, nenda ukasimame pembeni ya uwanja dakika zote tisini, usimwambie kwamba unakuja. Ukirudi nyumbani mwulize kwa nini winga anabaki pembeni badala ya kuufuata mpira kati. Atakueleza kwa muda mrefu. Akimaliza, mpe barua hii aisome.